Fedha Iliyojificha Kiungoni

Nina baiskeli ya feleji iliyoundwa kwa mkono mjini Chicago mwaka 1971. Naipenda, na nataka kuuliza bila kuzunguka: kuipenda hivi ndiko kuipenda dunia tulikoonywa nako tangu tungali chuoni, au ni jambo jingine? Kwangu swali hili ni zito. Nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa, katika nyumba ambayo mtu alisifiwa kwa alichotoa, na mwenye kujionyesha kwa alichonacho alinyamaziwa. Leo naishi Chicago, nina mke na watoto, nafanya kazi ya kutengeneza ndege, na kuna kitu kimoja cha chuma ambacho nikikifuta vumbi baada ya kazi moyo wangu hutulia. Mtu wa dini hana budi kuuhoji utulivu wa namna hiyo.

Baiskeli yenyewe ni Schwinn Paramount. Kampuni ya Schwinn ilianzishwa hapa Chicago mwaka 1895 na Ignaz Schwinn, mhamiaji kutoka Ujerumani, pamoja na mshirika wake Adolph Arnold, na vizazi vya Wamarekani vimejifunza kuendesha juu ya baiskeli zake nzito za watoto. Paramount ilikuwa ya daraja nyingine kabisa. Ilitoka mwaka 1938, na fremu za mwanzo ziliundwa na Emil Wastyn, fundi Mbelgiji aliyehamia mji huu huu. Baadaye kazi hiyo ikaingizwa kiwandani, mtaa wa Kostner, magharibi mwa jiji, lakini ikatengewa pahala pake: mafundi wachache, tupa na mwali wa gesi, huku jirani yao mitambo ikimwaga baiskeli za kawaida kwa wingi. Wapenzi wa Paramount hupenda kutaja kwanza kwamba Mei 1941 Mfaransa Alf Letourneur aliiendesha nyuma ya gari huko Bakersfield, California, kwa mwendo wa kilomita 175 hivi kwa saa. Mimi rekodi hiyo hainishughulishi sana. Ni sifa ya miguu na ujasiri wa mtu mmoja, na swali langu liko kwa mtu ambaye hakupigwa picha.

Niliipata kwa mzee mmoja katika kitongoji cha magharibi, mstaafu wa kazi ya kuchonga vyuma, aliyeinunua ikiwa mpya. Magoti yalikuwa yamemkatalia. Kabla yangu alikuwa amepigiwa simu na mtu aliyekuwa tayari kumpa fedha nyingi zaidi, naye akamkataa. Biashara ya mtu huyo ilikuwa kufumua: gia za Campagnolo kutoka Italia anamuuzia huyu, kiti cha ngozi cha Brooks anamuuzia yule, magurudumu kwa mwingine, mwisho fremu inabaki tupu inaning'inia kwenye msumari. Vipande huleta faida kuliko baiskeli nzima. Mzee aliniambia, "Yule anataka vipande. Wewe unataka nini, bwana?" Nikamwambia nataka kuendesha kandokando ya Ziwa Michigan asubuhi kabla ya kwenda kazini. Akaniuliza kazi gani. Nilipomtajia ndege alitabasamu, akasema, "Basi ukifika nyumbani fungua ekseli ya pedeli utazame ndani. Rangi usiiangalie kwanza."

Nilifanya hivyo. Nilitoa ekseli na gololi zake, nikafuta grisi kuukuu, nikaingiza tochi ndogo katika lile tundu ambamo mabomba ya fremu hukutana. Nilichokiona ndicho kilichonifanya niandike haya.

Mabomba ya Paramount ya zama zile yalikuwa ya Reynolds 531, feleji yenye manganizi na molibdeni iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, mwaka 1935. Ukilipapasa bomba kwa nje unene ni mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndani sivyo. Kwenye ncha, mahali pa kubeba shida, ukuta wa bomba hukaribia milimita 0.9, kuelekea katikati hupungua hadi 0.6 hivi, ili baiskeli iwe nyepesi na iwe na mnepo. Aliyeivuta feleji ile akaipa unene wa namna mbili aliiweka hekima yake upande ambao mpandaji hatauona abadani.

Kisha kuna mkato. Mwisho wa bomba moja haukatwi wima kama mua. Hukatwa kwa mviringo na kupigwa tupa hadi ulalie ubavu wa bomba la pili bila kuacha mwanya. Juu ya makutano hayo huvishwa kiungo cha chuma, na vya Paramount vilikuwa vya Nervex kutoka Ufaransa, vyenye kingo zilizopindwapindwa kwa madaha. Watu husimama njiani kusifu kingo zile. Mkato uliofunikwa nazo hakuna aliyepata kuusifu, na hali ndio wenye kazi kubwa.

Kisha fedha. Mafundi wengi wa fremu hulehemu kwa shaba, ambayo hutaka joto la karibu nyuzi 900. Paramount ililehemiwa kwa aloi ya fedha, inayoyeyuka kwenye nyuzi 650 hivi, kwa kuwa bomba jembamba likipashwa moto kupita kiasi nguvu zake hupungua. Fedha ni ghali, tena haina msamaha. Haijazi mwanya mkubwa. Inataka nafasi ya kama sehemu moja ya kumi ya milimita kati ya bomba na kiungo, chuma kiwe safi, kimepakwa dawa, na mkono wa fundi ujue kuuzungusha mwali. Fedha hufuata joto. Fundi huigusisha upande huu, hupasha upande ule, nayo huvutwa gizani kati ya chuma na chuma mpaka itokeze upande wa pili. Kwa tochi yangu niliuona utepe mwembamba mweupe umezunguka kila bomba kwa ndani, bila kukatika.

Fundi mvivu angeweza kuishia ukingoni. Utepe wa nje ungeng'aa vilevile, rangi ingepakwa juu yake, muuzaji angeridhika, mnunuzi angelipa. Huenda kiungo kingekaa miaka thelathini bila kuachia. Pengine kisingeachia kamwe, kwa kuwa baiskeli yenyewe ingetelekezwa kabla. Hakuna jicho ambalo lingeweza kumsuta.

Kazini kwetu mambo hayaendi hivyo. Kila kiungo kinachofunikwa katika ndege kina karatasi yake. Aliyekifanya hutia saini, na mwingine hukikagua kabla hakijafunikwa. Ninaipenda sheria hiyo na nisingepanda ndege isiyoifuata. Ila sheria hiyo imejengwa juu ya ukweli mchungu kuhusu binadamu, kwamba panapofunikwa ndipo anapopunguza. Fremu yangu haina saini ya mtu. Ina nambari tu zilizogongwa kwenye chuma. Miongoni mwa walioushika mwali wa Paramount pale kiwandani walikuwapo wanawake, na mimi, kila nikimfikiria fundi wangu, humfikiria mwanamke, labda kwa sababu ya mamangu.

Mamangu ni mtu wa Lamu, na alishona kofia za viua. Anayezijua kofia hizi anajua kwamba moja huchukua miezi: vitundu vidogo vidogo kwa mamia, kila kimoja kimezungushiwa uzi, mpaka kitambaa kinatoa ua. Za mamangu ukizipindua ndani hukuti fundo wala uzi unaoning'inia. Akikuta fundo hufumua. Mashangazi walimwambia anajitesa, kwa kuwa msikitini mtu hutazamwa kofia yake kwa nje. Yeye akisema ndani ndiko kunakogusa kichwa. Baadhi ya kofia hizo zilinunuliwa na watu aliokuwa hawajui wala hatawaona, zikaenda Maskati na Unguja.

Sasa nirudi kwenye swali. Katika Qur'ani Nabii Daud, amani iwe juu yake, alilainishiwa chuma, akaamrishwa afume deraya na azipime pete zake sawasawa. Jambo hili limo katika Surat Saba, na hunishangaza kila tunapolipita haraka darasani. Mtume na mfalme anapewa wahyi kuhusu vipimo vya pete za chuma. Pete moja ikiwa kubwa mno mkuki hupenya. Ikiwa ndogo mno vazi halikunjiki. Kipimo kizuri kimewekwa katika wasia mmoja na kutenda mema. Na hadithi inatufundisha kwamba Daud hakula ila cha kazi ya mkono wake. Basi kwa nini tunapozungumza habari za ibada tunamwacha mhunzi nje ya mlango?

Imam al-Ghazali, katika kitabu cha mapenzi kilichomo ndani ya Ihyaa, ana maelezo ambayo yamenifaa kuliko mengi niliyosoma. Anasema uzuri wa kila kitu ni kukamilika kwa yale yanayokistahiki kitu hicho. Farasi mzuri ni yule aliyekusanya yanayomstahiki farasi: umbo, rangi, mbio, utiifu wa hatamu. Hati nzuri ni ile iliyokusanya yanayoistahiki hati: ulinganifu wa herufi na kusimama kwake. Kinachompamba farasi hakimpambi mtu, wala kinachopamba hati hakipambi sauti. Halafu anapiga hatua ya pili, nayo ndiyo niliyoing'ang'ania: mtu akiona utunzi mzuri wa mshairi, au jengo zuri la mjenzi, kinachomfunukia ni sifa njema za ndani za yule aliyetenda. Macho yapo kwenye jengo. Moyo umeshavuka, uko kwa mjenzi.

Kwa hiyo ninaposema naipenda Paramount, mapenzi yangu yameelekea kwa nani? Nilimweleza haya maalim anayetusomesha tafsiri, mtu wa Barawa, mpole, mwenye elimu pana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanijibu kwa hoja nzito. "Ndugu yangu," alisema, "huyo fundi alikuwa mwajiriwa. Alilipwa ujira wake. Huenda alikuwa akiwaza kodi ya nyumba. Amali huhesabiwa kwa nia, nawe nia yake huna. Unamvisha kanzu ya walii mtu usiyemjua."

Ni kweli, nia yake sina, na Mwenye kuijua haniulizi mimi. Lakini ihsani, kama tulivyofundishwa katika hadithi ya Jibril, ni mja kuabudu kana kwamba anamwona Mola wake, na ikiwa hamwoni, ajue kwamba yeye anaonwa. Tulifundishwa ihsani kwa ajili ya swala, nasi tukaiacha juu ya mkeka. Mtu aliyeipeleka fedha hadi mwisho wa kiungo, pahali ambapo msimamizi hafiki, mnunuzi hafiki, na mauti yatamkuta kabla hajagunduliwa, ametenda kama anayeonwa. Ulimi wake huenda haukulitamka hilo siku zote za uhai wake. Mkono ulilitenda. Simhukumii pepo wala moto. Hilo si langu. Ninachosema ni kwamba nimeona kitendo chenye umbo la ihsani, na ningekuwa mnyimivu wa haki kukiita jina dogo zaidi kwa sababu kilifanyiwa mshahara. Mamangu naye aliuza kofia zake.

Na bado onyo liko palepale. Huyu huyu al-Ghazali aliyemsifu farasi na hati aliondoka Baghdad mwaka 1095, akaacha cheo, akagawa mali, akaenda kuitafuta nafsi yake Sham. Katika Ihyaa hiyo hiyo ameandika sura nzima za kuilaumu dunia. Hakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili, nami nimejitahidi kuelewa kwa nini. Nadhani jawabu limo katika kile tunachokitaka kutoka kwa kitu. Fikihi yetu inalijua hili vizuri. Kipando unachokitumia mwenyewe hakina zaka. Kipando hicho hicho ukikinunua kwa nia ya kukiuza kwa faida kimegeuka bidhaa, na mwaka ukitimia hutolewa asilimia 2.5 ya thamani yake. Chuma ni kile kile, rangi ile ile, na hukumu imegeuka kwa sababu moyo umegeuka.

Nimeingia nyumba ambamo Paramount zimetundikwa ukutani, magurudumu hayajagusa lami kwa miaka, na mazungumzo yote ni bei: mwaka gani una thamani, rangi gani ni adimu, nani aliuza ngapi. Wenye nyumba hizo ni watu wema walionipa chai. Lakini pale nahisi kitu kimekufa. Baiskeli iliyokamilishiwa yanayoistahiki baiskeli, kisha ikanyimwa barabara, imepokonywa ukamilifu wake, na hapo naamini maonyo ya wazee wetu yanagusa sawasawa. Mali iliyowekwa itazamwe hurudisha jicho kwa mwenye mali. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na ninakitumia kwa ukali: nikimaliza kuitazama, nimemfikiria nani? Wapita njia wakiisifu ile kromu kwenye ncha za uma wa mbele, nawaambia iliundwa magharibi ya mji huu huu, kiwanda cha Kostner. Sifa iende ilikostahiki.

Kuiendesha ni furaha ambayo sitaificha. Ina uzito wa kilo 10 na kitu. Vishikio vya gia vimekaa kwenye bomba la chini, havina alama wala mlio wa kukuelekeza. Unavuta kidogo, unasikiliza cheni, unarekebisha mpaka inyamaze. Kiti cha Brooks kilikuwa kimelichukua umbo la yule mzee, na kwa wiki nyingi nilikaa juu ya mwili wa mtu mwingine, mpaka ngozi ikakubali kunipokea nami. Upepo wa ziwani ukinisukuma kutokea kaskazini, feleji ile hunepa kidogo chini ya mguu na kurudi, na unene wa namna mbili uliofichwa ndani ya bomba unanifikia mwilini. Kwa njia hii kazi isiyoonekana hujulikana bila kuonekana.

Kiwanda cha Chicago kilifungwa mwaka 1983. Kampuni ilifilisika mwaka 1992. Mwaka uliofuata Richard Schwinn, kitukuu cha Ignaz, na mwenzake Marc Muller wakaendeleza ufundi huo kwa jina la Waterford, katika mji mdogo wa jina hilo huko Wisconsin, na mwaka 2023 milango hiyo nayo ikafungwa. Rafiki zangu wananishauri niivue baiskeli yangu rangi ya zamani, niipulizie mpya, irudi kama siku ilipotoka. Sitafanya hivyo. Mikwaruzo ya bomba la juu ni ya miaka hamsini ya kuegemezwa kwenye kuta za Chicago, na sioni haki gani ninayo ya kuifuta. Ninachokifanya ni kutia mafuta ya kitani ndani ya mabomba na kuigeuzageuza fremu mpaka yaenee, kwa kuwa kutu ya feleji huanzia ndani. Aliyenitangulia alinikinga kwa upande nisiouona. Nami niliye na zamu sasa nina wajibu wa upande ule ule.

Maalim alibakisha swali moja. Hapa Chicago baiskeli huibwa kila siku. Nikiikosa asubuhi moja, itakuwaje? Nilimwambia nitaumia, na sioni haya kwa hilo. Kisha nikamwambia jambo ambalo nilikuwa sijalifikia mpaka aliponiuliza. Mwizi ataikwea, atakata kona kwa kasi huku akitazama nyuma, na kile kiungo kitamshika kama kinavyonishika mimi. Fundi wa mwaka 1971 hakunijua. Sikuwa nimezaliwa. Hakuwa na habari za Mwislamu wa Mombasa atakayepita na baiskeli yake ufukweni mwa Ziwa Michigan, wala hakuweka sharti la ni nani astahiliye kubebwa. Aliijaza fedha hadi mwisho kwa ajili ya yeyote. Wafasiri wametufundisha kwamba rehema ya Ar-Rahman hapa duniani humfikia mtiifu na asi. Mvua na pumzi hazichagui. Sijapata kuielewa rehema hiyo kwa karibu kuliko nilivyoielewa nikiwa nimepiga magoti sakafuni, tochi mkononi, nikiutazama utepe ule mweupe.

Maalim aliona hapo nimevuka mpaka: rehema ni sifa ya Mola, haipimwi kwa lehemu ya kiwandani. Nilimjibu kwamba sipimi kitu. Naeleza tu mahali ambapo athari yake ilinidhihirikia. Akasema athari huhitaji dalili. Nikasema dalili imo ndani ya fremu, na tochi ninayo. Hatujaafikiana.